Firigisi ya Bertrams

Mama, shikamoo. Baridi ya Johannesburg inauma hadi meno, ila mwanao mzima.

Leo mdogo wangu Amani amefunga cherehani zake akanipeleka kwenye jela kongwe ya kilimani, siku hizi makumbusho. Kuna ubao wa mgao wa chakula: wafungwa weusi walipimiwa nyama kidogo kuliko wenzao wa rangi nyingine. Nikamwambia, "Hesabu hii naijua tangu nyumbani."

Mchana tukala kwake Bertrams, ugali kwa kuku wa kienyeji. Unajua kwetu, Mama: kuku nanunua mimi, firigisi anakula Baba Mdogo kwa kuwa ni mwanamume. Wifi naye akampakulia mumewe firigisi. Amani akaihamishia kwenye sahani yangu.

"Aliyeninunulia cherehani ya kwanza ndiye baba wa nyumba hii. Kula, dada."

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Eish, dada! Hata leo huachi kukosoa?"

Haikuzidi, Mama. Nilikuwa natafuta pa kuficha macho.

Mungu akutunze. Nikirudi nachinja jogoo. Baba Mdogo mkaribishe, ila firigisi ni yako. Umetupikia miaka yote na hujawahi kuionja.

Mwanao, Zawadi