Mnazi wa Masoud kwenye Kiwanja cha Watu

Bi Badriya, shikamoo. Mara tatu nimeshika kalamu na mara tatu nimeiweka, kwa sababu ninayotaka kukueleza ni ya aibu na baadhi yake ni makosa yangu mwenyewe, lakini nimefika mahali ambapo sina wa kumuuliza, na naona watu wengi wanakuandikia hapa gazetini na unawajibu bila ya kuwaonea haya, basi nijibu na mimi, hata kama ni kwa ukali.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Unguja, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Nawaosha wagonjwa, nawageuza, nafunga vidonda, namwaga vyombo vyao, na ndui ilipoingia tulilala hukohuko wiki tano bila ya kuona kwetu, na kwa yote hayo napata rupia kumi na mbili kwa mwezi. Wauguzi wanaume wanapata kumi na nane. Mwaka juzi nilikwenda kwa bibi mkubwa wa wauguzi kumwomba aniongeze, akaniambia kwa upole kabisa kwamba wanaume wana watu wa kuwalisha, nikamwambia, "Na mimi nna mama, bibi," akatabasamu, akasema mama si sawa na mke na watoto, na maneno yakaishia hapo. Mume nilikuwa naye, alikwenda Mombasa na talaka ikaja kwa barua, kaka sina, kwa hivyo kinachoingia nyumbani ni cha mkono wangu peke yangu.

Mama yangu, Bi Mwanapili, alizaliwa uani kwa mabwana wa wazee wake na amezeekea kwenye vyumba vya watu, na mimi tangu siku ya kwanza niliyopokea mshahara nilijiapiza kwamba hatafia kwenye chumba cha kupanga. Miaka sita nilikuwa natoa kodi ya chumba na chakula, na kinachobaki nakitia kwenye kopo, na nguo nilishona viraka mpaka wenzangu wakawa wananitania kwamba nimevaa ramani. Ndipo nikaambiwa kuna kiwanja Ng'ambo, kwenye shamba la Bi Sheikha anayekaa Malindi ya hapa mjini, na msimamizi wake Gharib akanionyesha mahali, akanipigia mipaka kwa bakora yake, akasema, "Jenga nyumba yako, panda mchicha, panda mhogo. Mti wa kudumu usipande. Umesikia?" Nikasema nimesikia, na kweli nilisikia, Bi Badriya, sitaki kujifanya kwamba sikusikia.

Tukajenga. Fundi alisimamisha miti na kuezeka makuti, lakini udongo nilikandika mimi na mama kila nikitoka kazini, mpaka kucha zangu zikawa nyekundu na bibi mkubwa akaniuliza kama hiyo ni damu ya mgonjwa. Siku tuliyohamia mama alifunga mlango kwa ndani, akaufungua, akaufunga tena, nikamuuliza anafanya nini, akaniambia, "Nnasikia raha tu, mwanangu. Mlango wangu huu." Sijapata kufurahi kama siku ile na sidhani kama nitafurahi tena.

Haukupita mwaka, mdogo wangu aliyeolewa Mkokotoni akaja kujifungua kwetu, na mimi kwa kujiona najua nikampeleka hospitali yangu mwenyewe. Mtoto alitoka mzima, na mama yake akatokwa na damu isiyokatika, na mimi niliyezoea kuwashika mikono ndugu za watu wanapokufa nikamshika wa kwangu. Baba wa mtoto hajaja hata kumtazama. Mtoto anaitwa Masoud, tunaye sisi.

Kitovu chake kilipodondoka mimi nilikuwa zamu. Niliporudi nikamkuta mama ameshakifunga kwenye kitambaa, ameshachimba kando ya mlango, ameshakizika na kupanda nazi iliyoota juu yake, kama watu wanavyofanya kwa watoto wao wote. Nikamwambia, "Mama, tumekatazwa." Akaniambia, "Mtoto hana mama, hana baba. Na mnazi pia asiwe nao?" Badala ya kuung'oa siku ile ile nilikwenda sokoni nikanunua makuti, nikauzungushia ua, na kila Gharib akipita kuchukua haki ya kiwanja, yaani kodi ya ardhi, nilikuwa nasimama mbele ya ule ua na kumpa maji ya kunywa ili asitazame.

Mwaka mmoja na nusu nimeficha. Mwezi uliopita makuti ya mnazi yalishapanda juu ya ua, na Gharib akauliza, "Hii nini?" Nikamjibu, "Umeota wenyewe, Bwana Gharib. Nazi ilianguka." Akatazama juu, akatazama kulia na kushoto, akasema, "Ilianguka kutoka wapi?" kwa sababu pale petu hakuna mnazi hata mmoja wa karibu. Kisha akaanza kuchokoa ardhi kwa bakora, na mama akatoka ndani anapiga kelele, "Usimguse mjukuu wangu!" Basi Gharib akaelewa kila kitu. Akaniambia, "Kumbe umepandwa. Na mlikuwa mkinificha." Ametupa mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, ama mnazi ung'oke ama atakuja na watu kuivunja nyumba.

Mama anasema nikiugusa mti ule atamchukua Masoud waende Mkokotoni kwa shoga yake, na mimi nibaki na nyumba yangu. Anasema "nyumba yako", Bi Badriya, nyumba niliyoijenga kwa ajili yake! Nikiuacha mti nyumba inavunjwa, na ya pili siwezi kuijenga, miaka sita mingine na mtoto wa kulisha siioni, na nikiung'oa nitakuwa na nyumba haina mtu. Juzi nilimfokea mgonjwa mzee aliyeniomba maji, kisha nikaenda stoo ya bandeji nikalia. Sijui nifanye nini. Niambie.

Shemsa binti Jaku, Ng'ambo.

*

Marahaba, Shemsa. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili sikuweza kuimaliza kwa kikao kimoja, kwa hivyo usidhani nitakayosema nayasema kwa sababu moyo wangu ni mgumu.

Kwanza mshahara. Hapo sina la kukufariji. Anayelisha watu wawili kwa rupia kumi na mbili anaambiwa hana wa kuwalisha, na asiyelisha mtu anapewa kumi na nane kwa kuwa ni mwanamume na huenda siku moja akalisha. Nenda tena kwa bibi yako mkubwa, safari hii umbebe Masoud mgongoni, umwekee mezani. Sidhani kama atakuongeza. Lakini asipate kusema kwamba hakumwona.

Sasa mnazi. Nitakwambia jambo ambalo wenye ardhi hatupendi kulisema hadharani, na mimi ni mmoja wao, nina viwanja viwili huko huko Ng'ambo. Nyumba ya udongo haitutishi. Ikijengwa leo kesho hubomolewa, na nguzo zake na makuti yake ni mali ya aliyejenga. Mti ndio unaotutisha. Mtu akipanda mnazi kwenye ardhi yangu nami nikanyamaza, mnazi ni wake, na ukishazaa atakuja mbele ya kadhi na mashahidi wanne kusema kwamba ulipo mti wake na ardhi ni yake, na nimeona watu wakipoteza mashamba kwa njia hiyo. Mama yako alimwona mjukuu. Gharib aliona kesi. Wote wawili walikuwa wakitazama kitu kimoja.

Na wewe, mwanangu, umeharibu. Si mama yako. Yeye alipanda kwa uchungu, mchana, bila ya kujificha, na lau ungemfuata Bi Sheikha wiki ile ile na kumwambia, "Tumefiwa, mama amefanya hivi, tusamehe," mnazi ungeng'olewa lakini ungerudi na sadaka mkononi. Wewe ulikwenda kununua makuti. Mtu asiye na nia ya kuiba hajengi ua kuzunguka mti mmoja! Ukamwongopea tena msimamizi, kwa uongo ambao hata Masoud angeucheka. Mwaka mmoja na nusu unafunga vidonda vya watu na chako umekiacha kinaoza chini ya kitambaa. Wewe ni muuguzi, unajua mwisho wake.

Jina la msimamizi ulilitaja, na mchapishaji aliniuliza kama tulifute. Nimemwambia aliache. Gharib, ukisomewa haya, jua kwamba kupewa bakora ya kupimia viwanja si kupewa amri ya kuvunja nyumba za watu. Nyumba haivunjwi ila kwa neno la mwenye ardhi, na nina hakika Bi Sheikha hajaulizwa.

Basi sikiliza, Shemsa, na usifanye nusu yake.

Mnazi utang'oka. Nimeutafutia njia nyingine na sikuiona. Ungekuwa na kiambo, ungekuwa na hata pembe moja ya ardhi ya ukoo, ningekwambia uuhamishie huko, lakini mama yako alizaliwa uani kwa watu na watu wa namna hiyo hawakuachiwa ardhi. Hilo si kosa lako wala lake, na mimi siwezi kulitengeneza kwenye gazeti. Ung'oe na mizizi yake, taratibu, na udongo wake. Uvunje na ule ua. Kisha uweke mnazi kwenye kikapu na uupeleke Malindi kwa Bi Sheikha mwenyewe, Alhamisi asubuhi kabla ya adhuhuri, wanawake wanapopokea wageni. Usimpitie Gharib. Usimtume mtu. Chukua majirani wawili wanaojulikana kwa ukweli, uvae nguo yako ya hospitali, useme jina lako na kazi yako, useme mmepanda kwa makosa na umeficha kwa makosa, na kwamba mti huu ni wake, aupande atakapo. Usimwombe mti. Mwombe kitu kimoja tu, karani aandike kwenye karatasi kwamba ardhi ni yake na nyumba ni yako, na ukilipa haki ya kiwanja hakuna wa kukutoa. Neno la mdomo lilikutosha ulipokuwa huna kosa. Sasa halikutoshi.

Je, atakubali? Sijui. Namjua kidogo Bi Sheikha, na siku njema ni mtu mwema. Ikiwa siku hiyo si njema, usingoje watu wa Gharib. Bomoa mwenyewe, mchana, taratibu, ufungue mlango kwenye bawaba zake na uubebe, utoe boriti moja moja, kwa sababu hivyo vyote ni vyako na vikivunjwa na wengine vitaliwa. Nyumba ya pili huanzia kwenye mlango wa kwanza. Najua hujui utaanzia lini. Mimi nami sijui.

Linabaki la mama yako, nalo ndilo ulilokuwa ukiliuliza tangu mwanzo. Usimwambie mambo ya kadhi na kesi, hayo hayamhusu. Mwambie kitovu cha Masoud hakimo ndani ya mti. Kimo ndani ya ardhi, chini ya mizizi, alikokizika yeye kwa mikono yake, na hapo hakuna atakayekigusa, wala Gharib, wala Bi Sheikha, wala wewe. Mnazi utaondoka na kitovu kitabaki, nyumba ikisimama au isiposimama. Labda atakuelewa. Labda atafunga nguo zake kama alivyosema. Mzee aliyezika mtoto na akakatazwa hata kupanda mti humlaumu aliye karibu, na aliye karibu ni wewe, kwa hivyo yapokee.

Lakini usiung'oe akiwa hayupo. Ulimficha Gharib na umeona ilivyokuwa, usianze kumficha mama yako. Mwamshe asubuhi, mwambie unachokwenda kufanya, mpe Masoud ambebe, na jembe ulishike wewe.