Kitabu Hakina Sauti

Mahalapye, 3 Machi 2022

Gorata mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. U mzima? Windhoek joto limepungua? Sisi tupo. Magoti ya mama yako yana nafuu mwezi huu, na mimi vidonge vya presha nameza. Mvua ilinyesha Jumanne, ikakata.

Nakuandikia barua pepe kwa sababu tukipigiana simu tunaishia kusikilizana pumzi. Watu wa mazishi wamesharudi makwao wote. Shangazi yako ndiye aliyeondoka mwisho. Ametuachia nyama kwenye friji na hatujaigusa.

Nina swali la kikazi, kwa kuwa wewe ndiye mwandishi wa programu kwenye hiyo kampuni yenu ya bima. Simu ya mdogo wako bado iko hapa na naichaji. Usiniulize kwa nini naichaji. Juzi uliingia ujumbe: "Mwalimu Othusi, mbona somo la kumi kimya? Kitanzi changu hakisimami, nimekwama." Aliyeandika ni msichana wa Palapye, anaitwa Wame. Nilitaka kumjibu kwamba mwalimu wake aligonga ng'ombe barabarani mwezi wa kwanza na tumemzika. Lakini nilikwama kabla ya hapo, kwa sababu sikuelewa anauliza nini. Kitanzi gani? Kisimame wapi? Nimemzaa Othusi, amekulia nyumba hii, na kazi yake siijui.

Nataka kujifunza hiyo Python, lugha ya kompyuta aliyokuwa akiifundisha. Nianze na kitabu au na video? Reli nimestaafu, muda ninao.

Baba yako.


Windhoek, 10 Machi 2022

Shikamoo baba,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi sijambo. Naenda kazini, narudi. Mwambie mama nakula.

Anza na video. Vitabu vya programu ni vikavu, wengi huviacha njiani. Kwenye video unaona mtu anavyoandika, na akikosea unaona anavyorekebisha. Ubaya wake ni mmoja. Unatikisa kichwa ukidhani umeelewa, ukizima huwezi kuandika hata mstari. Kwa hiyo simamisha kila baada ya muda, uandike mwenyewe kwenye kompyuta aliyoiacha mdogo wangu.

Na baba, video zipo. Ziko tisa, kwa Kitswana, anaeleza polepole. Anayefundisha unamjua.

Mwanao, Gorata.


Mahalapye, 2 Aprili 2022

Gorata mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta salama kama inavyotuacha sisi. Mama yako anakusalimu. Ameondoa nguo za msiba kwenye kamba, lakini hajazikunja, ziko kwenye kiti.

Ushauri wako niliufuata nusu. Nilitafuta video za watu wengine. Wa kwanza anazungumza kama anafukuzwa. Wa pili ana muziki. Wa tatu alisema jambo ni rahisi sana, nikamzima.

Basi nikaenda maktaba. Binti wa pale alinitazama, akaniuliza, "Mzee, unamchukulia mjukuu?"

"Najichukulia mwenyewe."

"Hiki kina kurasa mia tano, Rra."

"Nimeviona vilivyo vinene kuliko hiki. Andika jina langu."

Njiani nikakutana na Rre Seboni, jirani yetu wa upande wa mbuyuni, unamkumbuka, yule asiyefunga mdomo. Akachungulia jalada. "Python? Mzee, sasa unafuga chatu? Mkeo anajua?" Nikamwambia chatu wangu hali kuku. Alicheka peke yake.

Kitabu kinanifaa. Nikichoka nakifunga, nikisahau narudi nyuma, hakinisubiri wala hakinihimizi. Nimefika kwenye "kama" na "la sivyo". Hiyo niliifahamu haraka, taa za reli ndivyo zilivyokuwa zikifanya kazi. Kama njia ina treni, nyekundu. La sivyo, kijani.

Video za Othusi najua ziko wapi. Kitabu hakina sauti, mwanangu. Ndiyo sababu.

Baba yako.


Windhoek, 6 Aprili 2022

Shikamoo baba,

Sawa. Soma kitabu. Ila usisome kama gazeti, kila mfano uandike kwa vidole vyako hata kama unaona umeuelewa.

Huku hakuna jipya. Jana kulikuwa na sherehe ya mwenzetu kazini, wakakata keki. Nilikuja kushtuka sahani yangu ni tupu na sikumbuki kula.

Mama anazungumza?

Mwanao, Gorata.


Windhoek, 20 Mei 2022

Baba,

Habari za nyumbani? Sijapata jibu na simu ya mama inaita tu. Hata mstari mmoja utatosha.

Gorata.


Mahalapye, 19 Juni 2022

Gorata mwanangu,

Usiwe na wasiwasi, hakuna mgonjwa. Baridi imeingia na tunaota moto. Nisamehe kwa ukimya. Uliniuliza kama mama yako anazungumza na sikuwa na la kukujibu. Alikuwa ananiuliza kama nimekula, basi. Nikimjibu ndiyo, anatoka.

Vitanzi nimevielewa, ni amri ambayo mashine inairudia mpaka iambiwe basi. Kile cha Wame, alichokuwa amekituma chini ya ujumbe wake, kilikuwa hakisimami kwa sababu hesabu yake haikuwa ikiongezeka, inabaki moja daima, kwa hiyo mashine inazunguka tu. Nilimwandikia. Nikamweleza kosa kwanza, kisha nikamweleza habari ya mwalimu wake. Akajibu, "Pole sana baba. Nimelia. Kimesimama." Nikakaa nayo hiyo simu mkononi. Mtoto wa watu amelia, na mimi sijalia bado. Sioni uchungu wala sioni nafuu. Naamka, nasoma, nakula.

Halafu nikakwama. Kitanzi ndani ya kitanzi. Kitabu kinaeleza kwa mfano wa nyota zinazopangwa pembetatu. Nimeusoma juma zima, nyota zikanishinda. Alhamisi asubuhi mama yako akiwa jikoni anachambua mboga ya kunde, nyingine ikiwa motoni, nilifungua somo la saba.

Nilidhani nimepunguza sauti. Sikupunguza. Akatokea Othusi na ile fulana yake ya kijani, amekaa chumbani mwake, akasema, "Dumelang, wapenzi. Leo tunamtazama mama yangu. Kila siku ya juma, mama anaosha vyombo. Na kila siku anayoosha, anashika sahani moja moja mpaka ziishe. Siku ni kitanzi cha nje, sahani ni kitanzi cha ndani. Mimi nimekaa tu namtazama."

Mama yako akatoka jikoni na majani mkononi. Hakunitazama mimi. Aliitazama kompyuta.

"Anasema uongo huyo," akasema. "Sahani alikuwa anaosha yeye."

Nikataka kuzima. Akanizuia mkono.

"Rudisha pale kwenye sahani."

Nikarudisha. Akavuta kile kiti chenye nguo za msiba, akaziweka chini, akakaa. Tulilisikiliza somo lote. Mboga ikaungua.

Kitanzi nimekielewa.

Baba yako.


Windhoek, 26 Juni 2022

Shikamoo baba,

Nimesoma barua yako ofisini nikaenda kukaa chooni hadi mwenzangu akaja kugonga mlango.

Nilikwambia uanze na video. Nilikwambia anaeleza polepole. Baba, mimi sijafungua hata moja tangu afe. Najua anaeleza polepole kwa sababu zamani alikuwa ananitumia kabla hajazirusha, niangalie kama kuna kosa. Nilikuwa nakutuma wewe uingie kwanza.

Anavaa ile ya kijani kwenye zote?

Gorata.


Mahalapye, 15 Agosti 2022

Gorata mwanangu,

Tunakushukuru kwa blanketi, limefika. Mama yako anajifunika magoti. Mimi sijambo, na upepo wa Agosti unatutia vumbi hadi kwenye uji.

La, si zote. Kuanzia somo la nane amevaa shati.

Sikulaumu kwa kunituma. Mtu mmoja ilibidi aingie.

Sasa nyumbani tumegawana. Asubuhi mimi na kitabu changu mezani, nimefika kurasa za katikati na naandika programu ndogondogo ambazo hazimsaidii mtu. Adhuhuri, vyombo vikishaoshwa, mama yako anakuja kukaa, nami namfungulia somo. Hajui Python na hataki kujua. Nilijaribu kumweleza, akaniambia, "Wewe nyamaza, mwalimu anaongea." Anabishana naye. Anamwambia kaa vizuri, umepinda shingo. Anamwambia umekonda. Baada ya hapo huwa anaongea na mimi kidogo, habari za kuku, habari za Rre Seboni na mdomo wake.

Bado sijalia. Yeye pia. Tumeacha kuulizana.

Ukija likizo ya mwezi wa tisa, usizifungue peke yako. Tutakuwekea kiti. Ila ujue utaratibu wetu, usije ukashangaa. Kila somo, mwishoni, Othusi anainua mkono kuaga. Mama yako ananigusa bega kabla hajafika hapo, nami nazima.

Baba yako.