Harufu ya Breki

Bura, 9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama mu wazima. Mimi niko sawa, ila githeri ya shule, mahindi na maharagwe kila siku, imenichosha.

Jumatano tulisoma nishati ya mwendo. Kitu kikikimbia kina nishati, na haipotei, hugeuka tu. Ukifunga breki inakuwa joto. Mwendo ukiwa maradufu, nishati inakuwa mara nne! Nikakukumbuka ukishuka mlima huu wa shuleni kwetu na mzigo wa kabichi, gia umeitoa, lori linateremka frii ili uokoe dizeli. Ile harufu ya pale chini si lami kama usemavyo, Baba. Ni breki zinaungua. Gia ikiwa ndani, injini hulizuia lori na breki zinapumzika. Tafadhali, shuka na gia.

Bintiyo,
Lorna

Voi, 16 Juni 2024

Kwa Lorna,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mguu wa mama yako umepona.

Barua yako imenichekesha. Miaka kumi na tisa nashuka mlima huo, leo kifaranga ananifundisha kuchakura? Breki zikinuka nazimwagia maji, zinapoa. Wewe soma upite mtihani. Mkifunga shule, Ijumaa tarehe mbili Agosti, nitakuja kukuchukua.

Babako,
Wesonga

Bura, 23 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Huku ni baridi tu.

Siwezi kutulia. Unamjua Mbinya, binti wa marehemu rafiki yako Mulei, tunalala naye bweni moja. Alimuuliza mwalimu, breki zikizidi joto bado zinashika? Mwalimu akasema zinaweza kukataa kabisa. Mbinya akatoka nje. Siku zote husema lori lililomuua babake mlimani hapa lilikatika breki kwa mapenzi ya Mungu, kama ulivyowaambia matangani. Sasa hali chakula.

Tarehe mbili sipandi lori lako. Nitatembea hadi barabara kuu. Ukitaka kuniadhibu niadhibu, lakini sipandi.

Lorna

Bura, 14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. U mzima? Wiki tatu hujajibu. Mlinzi anasema unapita getini na mzigo wala husimami. Umenikasirikia, au kuna jambo? Niandikie hata mstari mmoja.

Bintiyo,
Lorna

Voi, 28 Julai 2024

Mwanangu Lorna,

Natumai u mzima. Usicheke mwandiko, natumia mkono wa kushoto.

Nilitaka kukuonyesha kuwa umekosea. Nikashuka frii kama kawaida, nikasimama chini, nikashika drumu ya breki kwenye gurudumu. Ngozi ya vidole ilibaki pale. Safari iliyofuata nikashuka na gia ya pili, injini inalia njia nzima, wa nyuma wananipigia honi. Nikashika tena, kwa woga. Ilikuwa vuguvugu tu, kama sufuria iliyoepuliwa kitambo. Ndipo nikajua ule mwendo ulikuwa unaenda wapi miaka yote.

Sikukasirika. Kila nikishika kalamu namwona Mulei. Mulei alipopata lori lake la kwanza nilikaa naye siku tatu nimwonyeshe njia. Alikuwa akishuka na gia, polepole, nikamcheka. Mimi ndiye niliyemwambia aitoe.

Ijumaa nitakuja. Ukitaka kutembea, tembea, nitakufuata nyuma na gia ya kwanza. Lakini Mbinya usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake.

Babako,
Wesonga