Sanduku la Momanyi na Chumba cha Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Pakiti za data kutoka mizani ya chai ya Roret zimefika ofisini Bomet! Ndivyo alivyosema Momanyi, fundi wa mtandao, huku akipiga meza kwa furaha. Kipkirui, meneja wa kiwanda cha chai, amesema zimefika mara moja tu, na bahati si kazi. Wakurugenzi wanakuja Jumatatu ijayo. Zisipopita mbele yao, mkataba wa Momanyi umekwisha na vipimo vya majani vitarudi kubebwa kwa bodaboda.

Mimi, karani wa kiwanda, nimeelewa hivi: mizani ya Roret ni ya zamani, pakiti zake ndefu kupita kawaida. Swichi za mtandao zilizo njiani zinazitupa kimya kimya, kama mtoto asiye na sare langoni mwa shule. Basi Momanyi anazivalisha sare, yaani anazifunga upya kwa ukubwa unaokubalika. Sanduku lake la mtandao lililoko Roret linavalisha, la Bomet linavua. La tatu, linalounganisha nyaya mbili za faiba za intaneti, liko nyumbani kwake Litein.

Jumatano, 11 Juni
Litein. Mvua. Sanduku liko chumbani wanamolala Momanyi na mkewe! Ndicho chumba pekee chenye betri ya sola, anasema.

Mama Nyamoita, mama mkwe wake, amekuja kutoka Nyamira kumwona mjukuu. Analala jiko la nje. Kwa mila ya Kikisii, mama mkwe haingii chumba cha mkwe, wala mkwe haingii anapolala mama mkwe. Wanaongea toka pembe mbili za uwanja: Momanyi akitazama mparachichi, mama akitazama kuku.
— Umeshinda salama, mwanangu?
— Salama, Mama.
Hayo ndiyo mazungumzo yao marefu kuliko yote leo.

Ijumaa, 13 Juni
Jaribio, ofisini Bomet. Skrini tupu. Sanduku la Litein limeganda. Linataka kuzimwa na kuwashwa, basi. Janefer, mke wa Momanyi, yuko kliniki na mtoto, simu imezimwa. Nyumbani yuko Mama peke yake.

Momanyi hawezi kumwamuru mama mkwe. Kwa hiyo anamnong'oneza Kipkirui, Kipkirui ndiye anayesema kwenye simu. Sauti kubwa, wote tunasikia.
— Mama, ingia tu, bonyeza kitufe!
— Niingie wapi? Wewe huna mkwe?
— Mashine inakufa, Mama!
— Ife. Tutaizika.

Halafu Mama akapata wazo: dirisha liko wazi, na kuna mti mrefu kama fimbo wa kuangushia maparachichi. Ataupitisha kwenye vyuma vya dirisha, amegeuza uso. Momanyi anafuata mlio wa mti simuni na kunong'ona, Kipkirui anapaza. Kushoto, Mama! Chini! Si hapo! Kitu kikaanguka.
— Kuna suruali imekuja na mti, akasema Mama. Niirudishe?
Momanyi akafunika uso kwa faili. Kipkirui akamwambia airudishe.

Mara ya tatu kitufe kikapatikana. Skrini ikajaa vipimo vya Roret. Tukapiga makofi. Kipkirui alifuta machozi ya kicheko, kisha akawa meneja tena: Jumatatu hataki kusikia habari za mti.

Jumamosi, 14 Juni
Momanyi amepiga simu. Mambo sawa! Asubuhi, Mama akiwa kanisani kwa ibada ya Sabato, yeye amevuta waya wa betri na kuhamishia sanduku jiko la nje. Sasa Mama anaweza kulibonyeza bila aibu.
Nikamuuliza Mama analala wapi.
Nikasikia kuku.
— Jikoni humo humo, akasema.

Jioni nimepita Litein. Taa ya sanduku ni nyekundu. Kebo mbili Momanyi amezichomeka kinyume, amekumbuka akiwa nje. Mama amesharudi, godoro lililokunjwa asubuhi limetandikwa, kwa hiyo Momanyi haingii. Mama haingizi mkono kwenye waya za watu. Na Janefer? Anasema yeye amefunga ndoa na mtu, si na mashine. Mkwe na mama mkwe wazungumze wenyewe.
Nimewaacha: mmoja anatazama mparachichi, mwingine kuku.

Wakurugenzi wanakaa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mama Nyamoita anasema haondoki mpaka mtoto aote jino.