Suruali za Timu ya Maimouna

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili

Mama yangu wa Kindu,

Mimi mwanao ni mzima, ila mabega yananiuma. Wiki nzima nabeba matofali Area 25, huko Lilongwe, na Jumamosi narudi kambini.

Ulinikataza nisimwache mjukuu wako Maimouna acheze netiboli, kwa sababu ya zile sketi fupi. Nilikutii. Mtoto hakulia, ila aliacha kunisimulia habari za shule.

Kisha shule yao ya msingi ikapata msaada mdogo wa pesa za muziki na michezo. Mwalimu Arlette, Mkristo wa Bukavu, akanifuata nyumbani.

"Papa Maimouna, tutanunua mpira mmoja badala ya miwili, tushone suruali. Utamwacha acheze?"

Nikasema atachekwa akivaa peke yake.

"Peke yake nani? Batoto bote banataka suruali! Banasema sketi zinabasumbua bakiruka."

Mama, mwanamke huyu si wa dini yetu, lakini alitafuta njia ya kumhifadhi mtoto wetu. Mimi baba nilijua kukataza tu.

Jana nilitazama mechi. Wasichana saba, wote suruali za buluu. Maimouna alifunga mara nne, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Njiani alinisimulia mechi nzima, kana kwamba sikuwepo.

Nimemruhusu bila kukuuliza kwanza. Kwa hilo nisamehe. Kwa kumruhusu, siombi msamaha.

Mwanao anayekuheshimu,
Mahamudu