Nilisema Pombe Imenishinda, na Kanisani Wamesikia

Anti Kathini, habari ya kazi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, nauza samaki wa omena hapa Kawangware Congo, na pombe sijaonja tangu nizaliwe, kwa hivyo shida yangu itakuchekesha kwanza, lakini mimi silali.

Kijana wangu Chris yuko kazi ya ujenzi Naivasha, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hivyo ninayeishi naye ni mke wake Marion na msichana wao wa miaka minne, na huyu Marion nampenda kama niliyemzaa, maana nilipofanyiwa upasuaji wa mguu ndiye aliniogesha wiki sita bila kukunja uso. Anasuka nywele sokoni. Alianza kunywa na wateja Jumamosi, ikawa kila jioni, ikafika asubuhi kabla ya chai, mpaka siku moja akasahau mtoto nasari na mwalimu ndiye alimleta nyumbani. Siku hiyo Marion alikaa sakafuni akalia, akaniambia hajui ataachaje.

Nikauliza mhudumu wa afya wa mtaa, bila kusema ni kwa sababu ya nani, akanielekeza kwa kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kinakutana kila Alhamisi saa kumi nyuma ya zahanati moja kule Satellite, mahali hatujulikani. Marion akasema, "Mathe, nitaenda, lakini ukae kando yangu."

Tukaenda. Walikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja anasema jina lake na kilichomleta. Nilitaka kusema nimesindikiza tu, lakini zamu ilinifikia mimi kwanza, na Marion alikuwa amenishika mkono, nikaona nikisema hivyo nitakuwa nimemwacha peke yake mbele ya wageni, basi mdomo ukajisemea: "Mimi ni Magdaline, na pombe imenishinda." Wakanikaribisha vizuri, mzee mmoja akanimiminia chai. Halafu Marion akasema polepole, "Mimi ni Marion. Mimi pia." Hakuwa amewahi kusema hivyo mbele ya watu.

Sasa ni wiki ya saba hajagusa, anaimba akiosha vyombo, na mimi bado naenda naye, bado ni mlevi, hata nimepigiwa makofi kwa kumaliza mwezi.

Shida ni kwamba nasali Kibera, karibu na Ayany, kwa sababu niliishi huko miaka ishirini kabla nihamie huku, na mimi ndiye ninaongoza maombi ya akina mama. Mmoja wetu, Mourine, ana dada yake Satellite, na akienda kumtembelea akaniona nikiingia pale mara mbili, akauliza pale ni wapi, akaambiwa. Jumapili mwenyekiti wetu, Mama Wekulo, akaniita kando akaniambia kwa upole nipumzike kuongoza mpaka nijieleze mbele ya wenzangu. Nikisema ukweli namwanika Marion, na hata Chris hajui, anafikiri mke wake alikuwa anaumwa na tumbo. Nikinyamaza nabaki mlevi. Marion mwenyewe nimemficha haya yote, naogopa akijua atarudi kwa chupa. Nifanye nini?

Mama Mkwe, Kawangware Congo
(Majina yote yamebadilishwa.)

ANTI KATHINI ANAJIBU

Mama, nilicheka kweli, halafu nikaisoma barua yako mara ya pili. Mama wakwe ninaoletewa habari zao hapa kila wiki si wa aina yako.

Lakini wacha nikukaripie. Ule uongo ulimsaidia Marion siku ya kwanza. Wiki ya saba unamfanya mtoto. Aliyekaa wiki saba bila pombe ni yeye, si wewe, na mtu aliyeweza hilo ataweza kusikia umbea wa kanisa. Tena wale watu kumi na mmoja wanakuja pale kusema ukweli unaowauma, na wamekupigia makofi kwa mwezi ambao wewe hukuteseka.

Kabla ya Alhamisi, keti na Marion mtoto akiwa nasari, umweleze yote, hata la Mama Wekulo. Usimwambie umejitoa kwa ajili yake. Mwambie umekwama. Kisha muulize nini kisemwe juu yake, na kwa nani. Akisema bado, basi ni bado. Ila mwambie pia kwamba ni heri Chris asikie kutoka kwa mke wake kuliko kutoka kwa mtu wa Satellite.

Siku ya kikao, fika mapema umwone anayeongoza, umwambie wewe ni mtu wa familia. Watakusamehe, wamesikia mazito kuliko hayo. Uliza kama unaruhusiwa kuendelea kukaa naye, na kama kuna kikao cha jamaa za wanaoacha pombe, maana wewe usiyelala unakihitaji. Marion akiteleza, Alhamisi inayofuata arudi vilevile. Na akianza kutetemeka kwa kukosa pombe, mpeleke zahanati siku hiyohiyo, maombi yafuate.

Kanisani huna lazima ya kujieleza. Mwambie Mama Wekulo hivi: "Naenda pale, na nitaendelea kwenda. Yanayosemwa mle si yangu kuyatoa." Usiongeze kwamba si wewe unayekunywa, kwa sababu ukisema hivyo tu, wataanza kupitia mmoja mmoja walio nyumbani kwako.

Wakikunyima kuongoza, keti kwenye benchi uombe kama wengine. Na kama kuna mama atakayesogea mbali nawe, mwache asogee. Hapo kando yako patapatikana nafasi ya Marion, siku atakayotaka kuja.