Mwisho Ambao Ineza Hakuupiga

Jumatano, kijijini Kumsenga. Ukungu umekaa mpaka saa nne, nami nimeamka na shaka ileile niliyolala nayo jana.

Nafundisha darasa la tano kutunga muziki wa jazi. Piano hatuna; tuna filimbi sita za plastiki na viganja vyetu. Mdundo wa swingi nimewafundisha kwa kuchechemea: mguu mmoja unakawia, wa pili unawahi. Taa-ka, taa-ka. Jana kila mtoto alileta kipande alichotunga nyumbani.

Cha Baraka kilikuwa wimbo wa kwaya mtupu, tunaoujua wote. Nikacheka, tukaendelea. Kisha akasimama Ineza, ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

Kilikuwa kizuri mno.

"Umekitoa kwenye simu ya nani?" nikamuuliza mbele ya wote. Akasema ametunga mwenyewe. Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia aje na mzazi.

Leo mama yake ameacha shamba amekuja, matope bado miguuni. "Mwalimu, kwangu hakuna simu wala redio. Huyu mwana huimba hiyo taa-ka yako mpaka maharage yanaungua jikoni. Ameiba nini?"

Sikumwamini. Ninaliandika hili kwa aibu.

Nikachagua noti tatu za muziki, nikampa Ineza filimbi, nikamwambia atunge palepale ofisini. Akafumba macho. Mguu ukaanza kuchechemea. Noti zangu tatu zikawa kitu ambacho mimi, na cheti changu cha muziki, sijawahi kukitunga. Karibu na mwisho akashusha filimbi.

"Mbona umeacha?"

"Mwisho wake ninao, mwalimu. Sikupi. Utasema nimeiba."

Mama yake akatazama chini. Nikawaomba radhi wote wawili. "Ego, mwalimu," Ineza akajibu kwa adabu, kwa lugha ya kwao: ndiyo. Lakini kipindi cha mchana hakugusa filimbi.

Kwa nini Baraka nilimchekea, na huyu nikamwitia mzazi? Najiambia ni kwa sababu kipande chake kilikuwa kizuri.

Siyaamini maneno yangu mwenyewe: wazazi wa Baraka ni wa hapahapa.

Nilimtuhumu mbele ya watoto arobaini, nikamwomba radhi mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi nitasimama mbele ya haohao arobaini, niseme nilikosea, na nilimkosea nani. Akitaka kutupigia mwisho wake, atatupigia. Asipotaka, ni wake.